Tumbo la Msemaji

Baba mkwe wangu Esera akisimama uwanjani kuzungumza, hata akina mama wa kijiji cha jirani waliacha kufua wakasogea kusikiliza. Kisiwa chetu cha Savaii, huko Samoa, hakina upungufu wa wasemaji wenye sauti kubwa. Yake haikuwa kubwa, ila ilifika. Alisimama na fimbo, usinga begani, akaanza kuwataja wakubwa wa wageni mmoja baada ya mwingine, na akitania, alimtania mtu hadi mwenyewe anayetaniwa akacheka kwanza. Hakuwa chifu mkubwa. Alikuwa mlimaji wa magimbi na kakao aliyepewa fimbo ya ukoo kwa sababu ya ulimi wake, na fimbo ile ndiyo iliyokuwa maisha yake.

Nilipoolewa na mwanawe Peni, nilimkuta tayari ana mazoea ya kujibonyeza kwa ngumi chini ya kidari. Akiongea anabonyeza, akingojea chakula anabonyeza zaidi. Mama mkwe wangu, Makerita, alinipa maagizo siku ya kwanza tu nilipoingia jikoni kwake.

"Baba yako asikae na njaa. Ukiona amenyamaza ghafla, mpelekee gimbi, hata lile la jana. Akinyamaza ujue kuna kitu kinamla."

"Kitu gani, mama?"

"Ningekijua ningeshakishika mkia nikakitoa."

Kwanza alikuwa akikandwa. Kwetu kila mtu ana to'ala yake, ile donge la uhai inayodunda chini ya kitovu, na ikihama mahali pake ndipo mtu anapoumwa. Mkandaji wetu, bibi mmoja mnene aliyeitwa Faapusa, alimlaza juu ya mkeka, akapaka mafuta ya nazi, akaanza kuitafuta kwa vidole.

"Ya kwako imepanda mpaka huku juu," alimwambia. "Inakimbia nini?"

"Ni to'ala ya msemaji hiyo," Esera akajibu huku amefumba macho kwa maumivu. "Imepanda ili isikie vizuri."

Akikandwa alipata nafuu siku mbili tatu, kisha mambo yakarudi palepale. Mwishowe Peni akamvusha kwa meli mpaka hospitali ya mji mkuu, Apia. Huko wakasema ni vidonda vya tumbo. Wakampa dawa nyeupe ya maji, nzito kama chokaa, na wakamkataza pilipili, kava tunayokunywa barazani, na hasira. Daktari alikuwa kijana wa kwetu, aliyesomea ng'ambo, mpole. Alimwuliza swali ambalo nadhani waliulizwa wagonjwa wote wa aina hiyo enzi zile.

"Mzee, vidonda hivi vinaletwa na mawazo. Tumbo linachemka kwa sababu kichwa kinachemka. Una ugomvi na mtu yeyote?"

Alikuwa nao. Alikuwa na ugomvi na mdogo wake Tuiloma juu ya shamba la kakao lililoko bara, mbali na pwani. Baba yao alilifyeka pori lile, lakini aliyepanda kila mti ni Esera, wakati Tuiloma akifanya kazi mjini. Baba yao alipokufa, Tuiloma alirudi na kusema shamba ni lake, kwa kuwa mzee alimwahidi akiwa mgonjwa. Hakukuwa na shahidi wa ahadi hiyo. Wazee wa ukoo walisema waziwazi kwamba Esera ana haki, ila Tuiloma hakukubali. Basi ndugu wale wakawa wanapitana njiani kama watu wanaodaiana salamu.

Esera aliporudi kutoka Apia na habari ile, mchungaji wetu alikuja kumwona. Alikunywa kakao yote aliyotengewa, ndipo akaanza.

"Esera, mimi nimekuwa nikikwambia siku zote. Sasa na daktari amekwambia. Hasira uliyoifungia ndani ndiyo inayokutafuna."

"Mchungaji, mimi sina hasira. Nina haki."

"Haki yako inakupa damu kwenye choo. Hiyo ni haki ya namna gani?"

Kijiji kizima kikaanza kuimba wimbo huohuo. Hata Makerita, aliyekuwa akimchukia Tuiloma kuliko mtu yeyote, alimwambia mumewe, "Mpe. Mpe tu, mimi nataka mume, sitaki kakao." Basi asubuhi moja Esera alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, akaketi chini mbele ya nyumba, akajifunika mkeka mwembamba wa ukoo kama afanyavyo mtu aliyeua au aliyemvunjia mwenzake heshima. Watu walitoka nje kutazama. Wengine walilia. Tuiloma alimwacha pale mpaka jua likawa kali, ndipo akatoka akamfunua. Esera aliomba msamaha kwa hasira yake, mbele ya wote, akasema hana kinyongo tena, na akalitoa shamba.

Na tumbo likanyamaza. Kwa majuma kadhaa alikula bila kubonyeza ngumi. Mchungaji alimhubiri kanisani, bila kutaja jina lakini huku akimtazama. Sisi tuliona ni muujiza. Leo najua kwamba vidonda vya aina ile huja na kuondoka vipendavyo vyenyewe.

Vilirudi wakati Tuiloma anavuna kakao ya kwanza. Safari hii Esera alitapika damu nyeusi kama unga wa kahawa, akaanguka bafuni. Na unajua watu walisema nini? Walisema hakusamehe kwa moyo wote. Nilikuwa mtoni nikimsikia mke wa Tuiloma akiwaeleza wenzake. "Ule msamaha ulikuwa wa mdomo. Si msemaji yule? Mdomo anao."

Madaktari wa Apia walimwandikia kwenda New Zealand. Kulikuwa na operesheni, wakasema, ya kukata mshipa unaoliamrisha tumbo litoe maji makali. Mimi ndiye niliyefuatana naye, kwa sababu nilikuwa nimesoma Kiingereza kwa masista, na Peni alibaki kulima. Tulifikia Auckland kwa dada yake, Sieni, aliyekuwa akisafisha ofisi usiku na kulala mchana. Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, katikati ya baridi. Sieni alitupokea kwa makoti mawili na onyo.

"Mkitoka nje tembeeni na pasipoti. Hapa polisi wakikuona mweusi kidogo wanadhani umezidisha muda wako wa kukaa nchini."

"Mimi nimekuja kukatwa tumbo," Esera akamwambia, "siyo kuiba kazi."

"Waambie hivyo. Watakuuliza una cheti cha tumbo."

Alicheka mpaka akajishika ubavuni. Ni mara ya mwisho namkumbuka akicheka hivyo.

Mpasuaji alikuwa mtu mrefu mwenye mikono misafi mno. Hakuwa mbaya. Alituchorea tumbo kwenye kipande cha karatasi, kama kiriba kilichopinda, na mistari miwili ikishuka kutoka juu. Akasema mistari ile ndiyo inayobeba habari kutoka kichwani kwenda tumboni. Mtu mwenye wasiwasi, kichwa chake hupiga kelele kupitia hapo mchana kutwa, na tumbo linajijeruhi. Ukikata, kelele hazifiki. Kisha watapanua kidogo mlango wa chini wa tumbo, ili chakula kipate njia.

Mimi nilitafsiri. Kwetu neno la mshipa wa damu, la kano na la huu mshipa wa habari ni hilohilo moja, kwa hiyo ilinibidi nizunguke sana. Esera alisikiliza akiitazama ile picha.

"Muulize, akishaukata, hizo habari zitakwenda wapi?"

Nikauliza. Mpasuaji akatabasamu. Akasema haziendi popote, zinaishia hapo.

"Muulize kama nitaweza kusema."

"Kusema?"

"Ndiyo. Kazi yangu ni kusema. Asije akakata cha kusemea."

Mpasuaji aliapa kwamba sauti haitaguswa. Akasema na tumbo litazoea, ingawa wagonjwa wachache hupata shida kidogo ya kuharisha. Alisema hivyo, shida kidogo. Nami nikatafsiri hivyohivyo. Esera akaiweka picha mfukoni mwa koti la Sieni.

"Mwambie anikate."

Sitaki kumsingizia mtu. Yale maumivu yaliisha. Kidonda kilipona, damu haikurudi, na ngumi ikashuka kutoka kidarini. Lakini tumbo lililokatwa mshipa halikuwa tena tumbo. Chakula kilikuwa kinaanguka kama mawe yanayomwagwa kutoka kwenye ndoo. Akila vijiko vichache, moyo unaanza kumwenda mbio, jasho linamtoka usoni, miguu inalegea, inabidi alale. Muda mfupi baadaye ni kukimbilia chooni, na mara nyingine hakuwahi. Tulirudi kwa mpasuaji. Akasema tusubiri, mwili utazoea. Tukasubiri Auckland, tukasubiri na Savaii. Wako waliozoea, nasikia. Yeye hakuwamo.

Fikirieni mtu wa kwetu asiyeweza kula mbele za watu. Kila jambo letu lina sinia. Mtoto akizaliwa, mzee akifa, wageni wakifika, Jumapili baada ya ibada, majani ya magimbi kwa tui, nguruwe, nyama ya kopo, na msemaji ndiye anayepewa fungu lake mbele ya wote. Tui lenyewe ndilo lililokuwa adui yake mkubwa, na kakao yenye sukari. Alianza kusema ameshiba, kwamba amekula nyumbani, kwamba amefunga. Watu wakaanza kumwita mlokole.

Mwaka uliofuata likaja kundi kubwa la wageni kutoka kisiwa cha Upolu, kwaya na wachungaji wao, kuzindua kanisa letu jipya. Wasemaji wetu walishindania kama kawaida nani asimame, na wakamwachia Esera, kwa sababu kila mtu alikuwa na hamu ya kumsikia tena. Asubuhi ile mke wa mchungaji alikuwa amempelekea sinia kwa mikono yake mwenyewe na kukaa mbele yake kumtazama akila. Angelikataaje?

Alisimama uwanjani, akaegemea fimbo, akaanza. Alianza vizuri. Nilikuwa nimekaa na wanawake, nikamwona Makerita akiwa amekunja mikono na midomo yake ikimfuatisha neno kwa neno. Kisha nikaona jasho likitiririka shingoni mwa Esera. Alinyamaza katikati ya jina la mkuu wa wageni. Wageni walidhani ni mbinu ya kuwangojesha, wakaanza kupiga vigelegele. Alijaribu tena jina lile, na hapo ndipo tumbo lilipofunguka. Alikuwa amevaa nguo nyeupe ya kiunoni.

Hakuna aliyecheka. Nadhani ingekuwa afadhali wangecheka. Watu mia kadhaa walitazama chini kwa pamoja. Makerita aliinuka, akavuka uwanja mzima peke yake, akamfunga mkeka kiunoni, akamshika mkono akamwongoza nyumbani. Nyuma yao Tuiloma aliinuka, akaiokota fimbo, akamalizia hotuba.

Fimbo haikurudi tena nyumbani kwetu. Ukoo ulikaa, ukasema kwa upole kwamba Esera apumzike. Tuiloma akawa msemaji. Hakuwa mbaya kama tulivyotaka awe.

Miaka ikapita. Esera alikonda akawa kama kitu kilichoanikwa. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba kwenye kiti chake, karibu na choo, akimenya magimbi ya watu wengine kula. Vijana walikuja kwake kwa siri kuuliza majina ya zamani na namna ya kuyapanga, naye aliwafundisha. Walipoondoka alirudi kumenya.

Halafu Tuiloma naye akaanza kushika tumbo. Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Makerita aliposikia hakuficha furaha yake. "Na yeye amwombe nani msamaha sasa?" aliniambia. Tuiloma alikwenda Sydney kwa binti yake, na sisi tulidhani atarudi amekatwa. Alirudi amenenepa. Alikuja nyumbani kwetu alasiri moja na debe la biskuti, akaketi mbele ya kaka yake, na nadhani kweli alikuja kwa wema. Alikuwa mtu anayependa kuleta habari.

"Kaka, kile kitu ni mdudu."

"Kitu gani?"

"Vidonda. Vya kwako na vya kwangu. Wamegundua kuna mdudu anakaa tumboni, hata kwa macho haonekani. Waliogundua ni watu wa hukohuko Australia. Wamenipitisha mpira mdomoni, wakamkuta. Wakanipa vidonge vya wiki mbili. Basi."

"Basi vipi?"

"Basi nimepona. Nakula pilipili."

Esera aliacha kumenya. "Na mawazo?"

"Mawazo hayamo, kaka. Daktari anasema wengi humpata wakiwa wadogo, nyumba moja, bakuli moja. Sisi huenda tulimpata kwa mama, vile alivyokuwa akitutafunia gimbi."

"Kwa hiyo haikuwa hasira."

"Hapana. Wamesema hata wao walikuwa wakidhani hivyo zamani."

Esera alikiweka chini kisu. Mimi nilikuwa nachemsha maji, nikaepua sufuria nipate kusikia.

"Tuiloma, nilikaa mbele ya nyumba yako chini ya mkeka."

"Kaka, hayo yalishapita."

"Uliniacha juani. Nikaomba msamaha kwa kosa lako wewe, kwa sababu niliambiwa hasira yangu ndiyo inayoniua. Nilikupa shamba kama mtu anavyomeza dawa. Sasa unakaa hapa na biskuti unaniambia haikuwa dawa."

"Mimi sikujua. Nani alijua? Madaktari wenyewe hawakujua."

"Madaktari hawakulichukua shamba."

Tuiloma alitazama nje. "Ile miti imeshakatwa, nimepanda mingine. Ni yangu kwa jasho."

"Sitaki miti. Nataka msamaha wangu."

"Nikuombe msamaha?"

"Hapana. Ule niliokuomba chini ya mkeka. Nirudishie."

Tuiloma alidhani kaka yake amechanganyikiwa. Aliaga, akasahau debe lake. Makerita alilibeba mpaka barabarani akaliacha huko.

Baraza la kijiji lilipokaa, Esera alimwomba Peni amsindikize. Hakuwa na fimbo wala usinga. Aliketi kwenye nguzo za mwisho, mahali pa watu wasio na neno, akaomba aseme. Peni ndiye aliyenisimulia yaliyosemwa.

"Niliomba msamaha mbele yenu," alisema. "Naufuta."

Mkuu wa baraza, mtu wa makamo aliyekuwa kijana wakati ule, alimwambia taratibu, "Mzee Esera, neno lililotolewa chini ya mkeka halifutwi."

"Nyinyi mlinifundisha kwamba nina uchungu moyoni. Mchungaji alinihubiri. Nilipotapika damu mlisema nimesamehe kwa mdomo. Wakanikata mshipa ili mawazo mabaya yasishuke. Sikuwa na mawazo mabaya. Nilikuwa na haki na mdudu. Mdudu amekufa au hajafa, sijui, mimi sikupewa vidonge. Haki yangu naitaka irudi mdomoni mwangu, hata kama shamba halirudi. Mimi sikumkosea Tuiloma. Yeye ndiye aliyenikosea. Nimemaliza."

Peni anasema ile sauti ilikuwa ileile. Tuiloma alikaa ameinamisha kichwa. Baraza lilimtoza Esera nguruwe kwa kuvunja heshima ya mkeka. Tukalipa. Esera alisema hiyo ni adhabu ya kwanza aliyowahi kupewa kwa kosa alilolifanya kweli.

Ndugu hawa hawakusemezana tena. Mchungaji mpya alijaribu kuwapatanisha, Esera akamwuliza kama amesomea udaktari. Nilipompeleka Apia kumwuliza daktari kama lolote linaweza kurekebishwa, daktari, mwanamke kijana, aliangalia kovu kwa muda mrefu. Alisema mshipa uliokatwa hauungwi. Akasema pia kwamba operesheni ile sasa ni kama haifanywi tena popote. Esera alimshukuru kwa adabu sana, kama msemaji anavyomshukuru mwenyeji aliyempa fungu dogo.

Alikufa msimu wa mvua, kwa homa ya mapafu. Hakuwa na nyama mwilini ya kupambana nayo. Siku ya maziko Tuiloma alikuja na watu wake na mikeka mizuri, akasimama na fimbo kumzungumzia kaka yake, kama desturi inavyotaka. Makerita, aliyekuwa ameketi kichwani pa maiti, alimwinulia uso.

"Kaa chini, Tuiloma."

"Shemeji, ni zamu yangu."

"Ulisimama siku ile alipochafuka. Leo kaa."

Alikaa. Msemaji wa kijiji cha jirani akazungumza badala yake, kifupi, bila kutania.

Mwaka juzi Peni alianza kubonyeza ngumi chini ya kidari. Nikampeleka Apia asubuhi ileile. Walimpima, wakampa vidonge, akavimeza na maji ya dafu, akalalamika kwamba vinaacha ladha ya chuma mdomoni. Vilipoisha na maumivu yameisha. Hakuna aliyemwuliza amegombana na nani. Makerita, mzee sana sasa, aliniomba nimpe pakiti tupu aione. Aliigeuza geuza mkononi, akauliza bei yake. Nilipomwambia ni dawa ya serikali, inatolewa bure, aliirudisha, akajifunika shuka kichwani, na siku ile hakula.